Sura ya Tisa: Chungu cha Nyuma ya Nyumba

"Josefina anakula nini?"

Inspekta Kasimiri aliweka kalamu mezani. Tangu asubuhi alikuwa amemhoji mwanamke huyu kwa upole, kisha kwa ukali, kisha tena kwa upole, na kila alichopata ni swali hilo hilo.

"Hapa ninayeuliza ni mimi," alisema. "Chunguni uliweka nini?"

Séverine alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo cha polisi cha Mpanda, mikono mapajani, macho sakafuni. Alikuwa Mrundi aliyekimbia mauaji ya kwao mwaka sabini na mbili, akaja kuolewa Mwamkulu na Gaspar, mkulima wa Kipimbwe aliyefiwa na mke akaachiwa watoto wawili. Mkubwa wa watoto hao, Osward, sasa alikuwa kaburini, na Séverine alikuwa hapa kwa sababu hiyo. Mdogo, Josefina, alikuwa amechukuliwa na shangazi yake.

"Nilimpa kitu ambacho hakutakiwa kupewa," alisema. "Nishasema, Afande. Ni mimi. Andika tu."

"Kitu gani?"

"Josefina yuko kwa shangazi?"

"Yuko kwa shangazi."

"Anakula nini?"

Kasimiri alipumua kwa nguvu. Mtu yeyote mwenye akili zake angeifunga kesi hii akaenda kunywa chai. Shahidi alikuwepo: Katarina, jirani, alimwona Séverine alfajiri, si mara moja, amechuchumaa nyuma ya nyumba akimlisha mtoto mgonjwa kitu cheusi kutoka kwenye chungu kidogo, huku amekifunika kwa kanga. Kielelezo kilikuwepo: Specioza, dada mkubwa wa Gaspar, alikinyang'anya chungu hicho na baadaye akakileta kituoni mwenyewe, amekibeba kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba panya. Maiti nayo ilisema. Kasimiri aliiona kabla ya maziko. Ngozi ya shingoni ilikuwa imebambuka duara zima, nyeusi, na mikono na miguu vivyo hivyo. Alimchoma kwa maji ya moto kwanza, akaona hafi, akamnywesha sumu. Ndivyo alivyosema Specioza, na Mwamkulu yote ikasema hivyo baada yake.

Mkuu wa polisi wa wilaya hakutaka kusikia zaidi. Mshtakiwa angepanda garimoshi la alasiri kwenda Tabora, mahakama huko zimalizane naye. Kasimiri alikuwa na saa chache tu, na kitu kimoja kilichokuwa kikimkera kama mwiba wa samaki kooni.

Osward alizikwa na skapulari yake ya kanisani. Kasimiri mwenyewe aliuinua ule mkanda wa kitambaa shingoni mwa maiti aone kilicho chini. Chini ya mkanda ngozi ilikuwa nzima. Upande wa juu wa shingo imebambuka, upande wa chini imebambuka, na pale ulipolala mkanda pamebaki mstari msafi. Tangu siku ile alikuwa akijiuliza ni maji gani ya moto yanayoheshimu skapulari.

Konstebo wa chumba cha redio aliingia bila kugonga.

"Majibu ya Dar, Afande. Yale makombo ya kwenye chungu."

"Sumu gani?"

"Hakuna sumu. Wamepima na kurudia." Konstebo alikohoa, kama anayeona aibu kuleta habari ndogo namna ile. "Wanasema ni maharage. Maharage na chumvi."

Kasimiri alimgeukia Séverine. Mwanamke alikuwa amejifunika uso kwa kanga na mabega yalikuwa yanatikisika.

"Maharage," Kasimiri alisema.

"Ibiharage, ndiyo. Basi mmeshajua." Alilia bila sauti. "Walinikataza. Dada mtu aliniambia, mtoto wa surua hali maharage. Kwetu mtu haachi maharage, Afande, awe mzima awe mgonjwa. Nikaona mtoto anaisha kwa uji mtupu. Nikaiba. Nikavunja mwiko wa watu, na mtoto akafa. Nipeleke Tabora."

Kasimiri alikaribia kucheka, lakini kicheko hakikutoka. Yeye mwenyewe alizaliwa Mpimbwe, na alipougua surua utotoni mama yake alimnyima kunde, karanga na samaki, vitu vizuri vyote, mpaka alipopona. Hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini, naye hakuuliza. Ndiyo maana swali la huyu mwanamke lilimpita sikioni siku zote hizi. Mgonjwa anakula nini? Uji, bila shaka. Nani anauliza jambo kama hilo?

"Ulipoanza kumpa," alisema polepole, "mtoto alikuwaje?"

"Alikuwa halali. Anaharisha. Anaongea maneno hayaeleweki."

"Na baada ya kumpa?"

"Alitulia tumbo. Siku moja aliomba kwenda kuchunga mbuzi."

"Halafu Katarina akakuona."

"Halafu dada mtu akachukua chungu. Akaja kulala chumba kimoja na mtoto ili nisimkaribie."

"Na Osward?"

"Akarudi vile vile. Akazidi. Akafa."

Kasimiri alisimama akaenda dirishani. Katika miaka yake ya upelelezi alikwisha kuona sumu za kila namna, za panya, za mizizi, za madukani. Hakuwahi kuona sumu inayomnyanyua mtu akiinywa na kumuua akinyang'anywa.

"Mfungie," alimwambia konstebo. "Asiende stesheni mpaka nirudi."

"Mkuu amesema..."

"Mkuu nitamwambia mimi."

*

Landrova ya kituo ilikuwa juu ya mawe. Ulikuwa mwaka wa sabini na tisa; vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha na petroli nayo imekwisha pamoja navyo. Kasimiri alichukua baiskeli akaenda hospitali, ambako Dakta Getrude alikuwa amerejea kutoka Sumbawanga alikokwenda kufuata dawa. Maiti ya Osward ilipoletwa hakuwepo, na aliyeipokea aliona ngozi imebambuka akasema moto. Hakuna wa kumlaumu, maana kila mtu alikuwa keshaambiwa ni moto kabla ya kutazama.

Daktari alikuwa mwanamke wa maneno machache, na wiki zile hata hayo machache yalikuwa yamepungua. Alirudi na nusu ya alichokwenda kukitafuta. Alimsikiliza Kasimiri akiwa amesimama, akihesabu bandeji.

"Shingoni, mikononi, wapi tena?"

"Miguuni. Inaanzia pale kaptula inapoishia."

"Tumboni?"

"Safi."

"Mgongoni?"

"Safi. Na chini ya skapulari, safi."

Daktari aliacha bandeji.

"Jua," Kasimiri alisema. "Ni jua, siyo? Palipofunikwa pamepona. Maji ya moto yangepenya nguoni."

"Alikuwa anachanganyikiwa?"

"Baba yake anasema mwishoni alikuwa anamwita kwa jina la mbuzi."

"Pelagra," alisema Dakta Getrude, akakaa. "Hajachomwa wala hajalishwa sumu, Inspekta. Amekosa chakula."

"Hakuna njaa Mwamkulu. Mahindi yamejaa."

"Ndiyo hayo mahindi. Mwili unataka vitamini moja, na ukiikosa kwenye chakula unaitengeneza wenyewe. Unaitengeneza kutokana na kipande kimoja cha protini, kinaitwa triptofani. Mahindi yana kidogo mno. Maharage yanayo, karanga zinayo, hata wale dagaa wa Karema wanayo."

"Wote kule wanakula ugali. Mbona amekufa mmoja?"

"Huyo mmoja aliumwa nini kwanza?"

"Surua, wakati wa masika. Halafu kikohozi kisichoisha."

Daktari aliitikia kwa kichwa, bila furaha yoyote. "Mdudu akiingia mwilini, zile chembe nyeupe za damu huamka. Askari, mnavyoziita shuleni. Sasa kuna Wajapani wamewadunga panya sumu ya bakteria, wakakuta mapafu ya panya yanaivunja ile triptofani mara nyingi kuliko kawaida. Mwili wenyewe unaivunja. Kwamba ni askari wale wanaofanya au wanaoamuru, hayo ni mawazo yangu mimi, hayajathibitishwa."

"Kwa nini waivunje?"

"Labda ili mdudu akose. Mdudu naye anaihitaji."

"Askari wanachoma ghala ili mwizi afe njaa."

"Unaweza kusema hivyo."

"Na wenye nyumba je?"

"Ghala likiwa limejaa, haina neno. Homa inakwisha, askari wanatulizwa, mtu anakula, ghala linajaa tena. Huyu kikohozi hakikuisha. Mimi nakishuku, huenda ni kifua kikuu. Kwa hiyo askari hawakupata amri ya kuacha, wakaendelea kuchoma kila kilichoingia. Na kilichoingia kilikuwa uji mweupe wa sembe, kwa sababu watu waliompenda walimnyima vingine vyote."

Nje ya dirisha wagonjwa walikuwa wameanika nguo kwenye michongoma. Kasimiri alijisikia mgonjwa naye. Alitafuta mkosaji kwa wiki tatu nzima, akamfungia mtu pekee aliyekuwa akipeleka chakula ghalani.

"Kuna mwingine," alisema. "Dada yake. Aliugua surua nyuma yake. Nilipokwenda kuchukua maelezo alikuwa anakohoa, amejifunika kitenge mpaka kidevuni na jua lote lile."

Dakta Getrude alimtazama.

"Anakula nini?" aliuliza.

Kasimiri alikuwa keshafika mlangoni.

"Mlete leo," daktari alisema nyuma yake. "Vidonge ninavyo, vya kopo la mwisho. Lakini vidonge bila chakula ni kazi bure, na akishaacha kumeza sitamweza. Umesikia? Akishaacha kumeza, usiniletee."

*

Alipita mtaa wa Majengo bila kuitikia salamu ya mtu. Barabara ya Mwamkulu ilikuwa vumbi tupu na jua lilikuwa kali, na kila alipolihisi shingoni mwake alikanyaga pedali kwa nguvu zaidi.

Josefina alikuwa amekaa chini uani kwa shangazi yake, ameegemea ukuta wa jiko. Specioza alikuwa amepiga magoti mbele yake na bakuli la uji. Alikuwa anachota kwa kijiko, anapuliza, anagusisha mdomoni mwake kuhakikisha hauunguzi, ndipo anampa mtoto. Nusu ya kila kijiko ilirudi kidevuni. Specioza aliifuta kwa kidole na kuanza upya, akimbembeleza kwa majina yote mazuri aliyoyajua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeshampandisha garimoshi yule?"

Kasimiri alichuchumaa akakishusha kitenge. Duara lilikuwepo shingoni, jekundu, kingo zake zikianza kuwa nyeusi.

"Hii imeanza lini?"

"Ni yule. Hata akiwa ndani anatuma uchawi wake."

"Mama, majibu yametoka. Kwenye kile chungu hapakuwa na sumu. Palikuwa na maharage."

Specioza alibaki na kijiko hewani. Kisha uso wake ukakunjuka, kama mtu aliyeletewa ushahidi alioukosa.

"Maharage," alisema. "Mtoto wa surua. Basi unauliza sumu gani tena? Wewe si wa huku? Mama yako hakukufundisha? Maharage, karanga, samaki, vinaurudisha upele ndani, unakwenda kula matumbo. Ukoo wetu hatumpi mgonjwa mpaka kikohozi kimalizike."

"Nililelewa hivyo hivyo."

"Haya basi."

"Kikohozi changu kilimalizika upesi. Cha Osward hakikumalizika." Kasimiri alijilazimisha kuongea taratibu. "Yule mwanamke alipokuwa akimlisha kwa siri, na nyie hamjui, mtoto alikuwaje?"

"Alikuwa anapata nafuu. Kwa uji wangu."

"Ukachukua chungu."

"Nikachukua."

"Uji ukaendelea?"

"Kila siku. Kwa mkono wangu huu."

"Na nafuu ikaenda wapi?"

Aliyejibu alikuwa Gaspar, ambaye muda wote alikuwa kivulini upande wa pili wa jiko akichonga mpini wa jembe, hata Kasimiri hakuwa amemwona.

"Aliyaomba," alisema Gaspar. "Osward. Alikuwa ameshasahau jina langu lakini maharage aliyakumbuka. Nikamwambia subiri upone, mwanangu."

Aliweka mpini chini. Alikuja akamwinua Josefina, akamfunga mgongoni kwa kile kitenge kama wafanyavyo wanawake, na hakuna aliyemcheka.

"Unampeleka wapi?" Specioza alishika mguu wa mtoto. "Gaspar. Kwa yule? Mmoja hakutosha?"

"Niachie, dada."

"Ukimtoa hapa usirudi kwangu."

Gaspar alivibandua vidole vyake, kimoja kimoja, bila hasira. Specioza alibaki amepiga magoti kando ya bakuli la uji. Kasimiri aliokota baiskeli yake akawafuata.

*

Honi ya garimoshi ililia wakati Kasimiri akimvusha Séverine uani mwa hospitali. Mkuu wake alikuwa amekwisha kumwambia kwamba hiyo ni kazi yake anayoichezea, na Kasimiri alikuwa amejibu ndiyo, Afande, akachukua ufunguo wa mahabusu. Katika mkono mwingine alikuwa amebeba kielelezo. Jikoni mwa hospitali walikuwa na maharage ya wauguzi, na mwanamke yule aliomba yapashwe moto kwenye chungu chake. Kasimiri aling'oa kile kikaratasi cha polisi kilichofungwa shingoni mwa chungu akakitia mfukoni.

Lakini chungu kilipokuwa tayari, Séverine alirudi nyuma.

"Mpe mwingine ampe," alisema. "Mimi nilimpa mmoja."

"Ulipompa alitaka kuchunga mbuzi," Kasimiri alisema. "Umeniambia mwenyewe."

"Akafa."

"Alikufa walipokuzuia. Mimi ndiye mpelelezi hapa, nimechunguza, na nakwambia hivyo."

Alitaka sauti yake iwe ya kiserikali. Ilitoka kama ya mtu anayeomba.

Josefina alikuwa kitandani kichwa kimelala kwenye mkono wa baba yake. Dakta Getrude alikuwa amempondea kidonge, akampa kwa maji, na maji yakarudi. Sasa daktari alikuwa amesimama pembeni mikono nyuma, na uso wake haukumpa Kasimiri tumaini lolote. Ulimi wa mtoto ulikuwa mwekundu kama nyama mbichi.

Séverine aliponda maharage kwa vidole mpaka yakawa laini, akatia mchuzi, akatia unga wa kidonge kingine humo humo. Kijiko cha kwanza kilitoka chote. Cha pili kilikaa mdomoni. Wote wanne walilitazama koo lile jembamba, pamoja na duara lake jekundu, na kwa muda mrefu halikufanya kitu. Kisha lilipanda likashuka.

"Tena," alisema Dakta Getrude.

Likapanda likashuka tena. Gaspar aligeuzia uso wake ukutani.

Hapo ndipo Kasimiri alipomwona Specioza mlangoni. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Mwamkulu, vumbi limempanda mpaka magotini, na hakuna aliyejua alikuwa amesimama pale tangu lini. Kasimiri alisogea ili amzuie akija kwa ugomvi. Hakuja. Alikuwa anakitazama kijiko kikienda na kurudi, na midomo yake ilikuwa ikifunguka pamoja na ya mtoto, kama wafanyavyo wote waliowahi kulisha mtoto.

"Séverine," alisema mwishowe. Ilikuwa mara ya kwanza Kasimiri kumsikia akilitamka jina hilo. "Osward naye. Alikuwa anameza vizuri hivi?"

Séverine hakugeuka. Alichota kijiko kingine, akakipuliza.

"Vizuri, dada," alisema. "Alikuwa anakwangua chungu."